Nundu

Isyonje, Julai. Ukungu umeingia ofisini bila hodi,
umeketi juu ya kabati la hati.
Nimevaa makoti mawili na glavu zilizokatwa vidole
nipate kubonyeza kikokotoo.
Mkaguzi alishapita. Alifungua, akafunga, akagonga muhuri:
hesabu zimelala sawa, kama shuka za hospitali.
Kushoto milioni kumi na nane, laki tano na elfu arobaini.
Kulia vivyo hivyo, hadi senti.
Akanywa chai yetu, akashukuru, akateremka Uyole.

Lakini mimi ndiye niliyeandika “gunia 1”.
Niliandika hivyo mara mia nne na kumi na mbili,
na kila gunia nililiona kwa dirisha hili:
limejaa, kisha likashonewa kichwa cha kamba,
nundu, kama ya fahali,
vijana wawili wakilikanyaga ili viazi viketi.
Mnunuzi analipa gunia. Daftari linasema gunia.
Nundu inapanda Fuso bure,
inakwenda kupimwa kwa kilo mahali tusipopajua.

Juzi tulikaa kugawana ziada.
Ambakisye, mwenye ekari tisa, alisimama wa kwanza:
kila mtu apewe kwa gunia alizoleta, jasho lina namba.
Atuganile, anayelea watoto sita wa dada zake,
akasema chungu hakiulizi nani alilima.
Lusajo akataka sawa kwa sawa, kichwa kwa kichwa,
tukacheka, maana ana nusu ekari,
naye akacheka, ila hakufuta neno lake.
Kisha Sekela wa bondeni, hata hakusimama:
“Mimi nabeba kichwani mpaka lami.
Wewe Ambakisye, lami inapita mlangoni kwako.
Hiyo lami uliilima lini?”

Kila mmoja alisema haki.
Hilo ndilo lililoninyima usingizi:
haki nne mezani, na ziada moja,
laki sita na ushee.

Usiku nikafanya jambo la kitoto.
Nilichukua bahasha ya kaki, nikafunika safu ya majina.
Zikabaki gunia, ekari, vinywa, mwendo.
Nikajiambia: Tumwitikege, mmojawapo ni wewe.
Hujui yupi. Haya, gawa.

Kalamu ikasita.
Jicho likawa linarudi mstari wa thelathini na moja:
gunia mbili, vinywa saba, mwendo wa saa tatu.
Niliogopa kuwa yule.
Nikamwongezea. Nikasoma tena, nikamwongezea tena,
nikaona na Ambakisye nisimvunje mgongo,
maana huenda pia ni mimi, na mwakani nitakataa kulima.
Hofu ile ilinifunza kuliko cheti kilichoning'inia ukutani.
Alfajiri nikaiondoa bahasha.
Hakuwa mama yangu, kama unavyodhani.
Ni Anyosisye. Hatusalimiani tangu kesi ya mpaka.
Nikaitazama ile namba kwa muda mrefu,
mkono ukiwa na raba.
Nikairudisha raba mtobani.

Bado nundu.
Tunagombania makombo kwa adabu,
na mkate umeshapita kizuizi cha ushuru.
Nimechora safu mpya kwa rula, nimeipa jina lake.
Kilo thelathini, mara mia nne na kumi na mbili:
kilo elfu kumi na mbili, mia tatu na sitini.
Gunia mia na ishirini na tatu ambazo hazikuwahi kuwepo,
na kilo sitini juu yake.
Niziweke upande gani? Hakuna aliyezikopa.
Hakuna aliyezitoa sadaka.
Chuoni walinifundisha kila kinachotoka kina kilipoingia;
hawakunifundisha kuuliza kwa nani.

Nimeandika kwa wino, si penseli.
Sasa hesabu hazilali tena.
Mkaguzi akirudi atakuta kitabu kimeinama upande mmoja
kama mtu aliyebeba gunia.

Nje, honi ya Fuso.
Wanashona.